Gari Inagonga Mbele? Mlipe Fundi Atafute, Usimlipe Abahatishe

Wafanyabiashara wenzangu, leo tuongee kuhusu gari. Sio gari ya kutembelea, gari ya kazi.

Wengi wenu mkishachoka kukodi boda kwa kila mzigo, hatua inayofuata ni kagari kadogo. Vitz, IST, Passo, au Probox kwa wenye mizigo mingi. Imetoka Japani, namba mpya, viti bado vina nailoni. Kwako ni gari mpya, hata kama huko ilikotoka imeshatembea miaka kumi na kitu. Wiki ya pili unapita kwenye rasta, unasikia mbele ko-ko-ko. Ukiingia barabara ya vumbi kumpelekea mteja, inazidi. Hapo ndipo mtaji unaanza kuvuja.

Maoni yangu ni haya, na najua kuna watakaobisha: pesa nyingi tunayopoteza kwenye gari inayogonga haipotei kwa sababu ya ubovu wa gari. Inapotea kwa sababu hatutaki kumlipa fundi kwa kazi ya KUTAFUTA. Tunamlipa kwa kubadilisha tu.

Angalia inavyokuwa. Unafika gereji, unasema, "Fundi, inagonga mbele." Fundi anabonyeza boneti mara mbili, anasema, "Hizo shokapu, boss." Unaenda Kariakoo, unanunua shokapu mbili, zinafungwa. Sauti ipo. "Basi ni bushi." Zinafungwa. Sauti inapungua, kesho imerudi. "Basi itakuwa stabilaiza linki." Zinafungwa, kimya. Kumbe kilichokufa ni kile kidogo cha mwisho, ambacho mara nyingi bei yake iko chini sana kuliko shokapu.

Piga hesabu kama unavyopiga ya duka. Tuseme kwenye kila mzigo unabaki na faida ya 5,000. Spea ya 150,000 ambayo haikuhitajika ni mizigo 30 umepeleka bure. Hapo hujaweka siku ambazo gari imelala gereji na wateja wanauliza "mzigo wangu vipi?"

Sasa fundi ni mwizi? Wapo, lakini wengi sio. Fundi akikaa saa nzima chini ya gari na kugundua ni nati imelegea, unampa ya soda na "asante sana fundi". Akikwambia nunua shokapu, analipwa ufundi kamili. Sisi wenyewe ndio tumeweka bei hiyo. Na sisi tunaouza mtandaoni tunajua maumivu haya vizuri: mteja anauliza maswali 20, anataka picha 10, unampimia saizi, halafu ananunua kwingine. Muda wa kutafuta jibu ni kazi. Ukimlipa fundi kwa muda huo, umemwondolea sababu ya kubahatisha.

Kabla hujamfikia, kuna kazi yako pia. Hizi ni za kufanya mwenyewe, bila spana.

Kwanza, toa kila kitu kinachoweza kucheza. Jeki, wili spana, chupa ya maji, kreti za mizigo. Fungua boneti, shika betri uitikise. Betri isiyofungwa vizuri inagonga kabisa kama kitu cha tairi. Angalia nati za tairi zote. Ukikuta iliyolegea, usiendeshe mpaka zikazwe. Angalia na upepo: kipimo kipo kwenye kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva. Wengi tunajaza kupita kiasi tukidhani gari itabeba zaidi, na tairi ngumu inapeleka kila kokoto mpaka kwenye bodi.

Pili, jaribu breki. Pita polepole kwenye barabara mbaya, sikiliza, halafu gusa breki kidogo tu huku gari ikiendelea kutembea. Sauti ikikata, anza kuangalia pedi za breki na pini zinazoshika kalipa. Shokapu iache kwanza.

Tatu, linganisha tuta na shimo. Pita tuta moja kwa moja, tairi zote mbili za mbele zipande pamoja. Halafu pitisha tairi ya upande mmoja kwenye shimo dogo. Ikigonga zaidi kwenye shimo la upande mmoja, stabilaiza linki na bushi zake ndizo za kushuku kwanza. Ile stabilaiza ni chuma kinachounganisha kushoto na kulia. Tairi zikipanda pamoja hakina kazi kubwa, ikipanda moja ndipo kinajinyonga.

Nne, gari ikiwa imesimama, mtu azungushe usukani kushoto na kulia huku wewe umeweka mkono juu ya shokapu pale ndani ya boneti. Ukisikia mgongo au springi inaruka chini ya kiganja, mshuku yule raba wa juu anayeshika shokapu kwenye bodi. Mafundi wanamwita mauntini.

Rekodi sauti kwa simu. Mwenzako aendeshe, wewe kaa kiti cha abiria, mshushe vioo. Andika: inagonga upande gani, ikiwa baridi au moto, kwenye spidi gani, na mzigo au bila mzigo. Fundi ukimpa maelezo hayo umeshampunguzia nusu ya kazi.

Ukifika gereji, usikae kwenye benchi na simu. Simama uone. Gari ikiwa imenyanyuliwa na kukalishwa kwenye stendi (sio jeki peke yake), tairi ishikwe juu na chini, itikiswe. Ikicheza, ni boljointi au bearingi. Ishikwe kushoto na kulia. Ikicheza, ni tairodi endi au rak. Boljointi ajaribu pia kwa mtaimbo mdogo chini ya tairi, kwa sababu mkono peke yake unaweza usiione.

Kwenye stabilaiza linki kuna mtego. Ukinyanyua upande mmoja tu, ile stabilaiza inajinyonga na kuikaza linki, kwa hiyo hata iliyokufa inaonekana nzima. Ajaribu tairi zote mbili zikiwa chini, au zote mbili zikiwa hewani. Kama bado mnabishana, azitoe linki zote mbili, mzunguke mtaa polepole. Gari itayumba zaidi kwenye kona, kwa hiyo msikimbie. Sauti ikipotea, jibu mnalo, na hujanunua hata spea moja.

Kitu kingine cha kusimamia: bushi za mikono ya chini zikifungwa, bolti zake zikazwe mwisho gari ikiwa imekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa tairi ikiwa inaning'inia, raba inabaki imejinyonga na inachanika mapema. Miezi michache unarudi na sauti ile ile, unalaumu spea feki.

Kuna watakaosema, "Badilisha zote mara moja, uondokane na usumbufu." Nawaelewa. Kama gari ni ya zamani na raba zote zimepasuka kwa macho, fanya hivyo, utaokoa pesa ya ufundi. Lakini kubadilisha zote kwa sababu hujui ni ipi, hiyo ni kubeti. Na spea ya bei chee inaweza kuleta sauti yake yenyewe, ukashindwa kujua kama ni tatizo la zamani au jipya. Badilisha kilichothibitika, pita barabara ile ile mbaya, sikiliza. Shokapu zibadilishe kwa jozi, kushoto na kulia.

Na sisemi usubiri. Linki iliyokufa ni kelele zaidi kuliko hatari. Boljointi iliyokufa ni kitu kingine kabisa: ikichomoka, tairi inalala na usukani haukusikii tena. Ukiambiwa boljointi inacheza na umeiona kwa macho, mizigo ya Stendi ya Magufuli leo ipeleke kwa boda. Gari ilale.

Kwa wachache mlionunua zero kilomita yenye waranti: msiruhusu fundi wa mtaani afungue chochote. Irudisheni kwa aliyewauzia, na malalamiko yawe kwa maandishi pamoja na ile video ya sauti. Baadhi ya magari mapya husafirishwa na vizuizi kwenye springi ili yasichezecheze melini, na vikisahaulika gari inakuwa ngumu na kelele. Hiyo ni kazi yao kutoa, sio pesa yako.

Na ambaye bado hajanunua: usijaribu gari kwenye lami peke yake. Omba upite kwenye vumbi na mashimo, redio imezimwa, vioo vimeshushwa. Muuzaji akikataa, umeshapata taarifa muhimu kuliko picha zote alizokutumia.

Kesho ukienda gereji, kabla ya neno lingine lolote, uliza hivi: "Fundi, kunitafutia tu sauti inatoka wapi, bila kubadilisha kitu, ni shilingi ngapi?" Mpatane, na umlipe hata kama atakuta ni betri tu ilikuwa inacheza. Fundi anayekubali kazi hiyo na kuifanya vizuri, tunza namba yake kama unavyotunza ya mteja wa jumla.

Gari yako inagonga wapi, na umeshabadilisha nini mpaka sasa? Andika hapo chini, wenzako wajifunze.