Vita ya chipu: ufunguo uko Uholanzi

Wadau, kwenye hii vita ya chipu watu wanaitazama Marekani na China tu. Mi nasema ufunguo uko Uholanzi. Kampuni ya ASML ya kule Veldhoven ndiyo pekee duniani inayouza mashine za EUV za kuchora chipu. Leza inapiga matone ya bati mara 50,000 kwa sekunde, unatoka mwanga wa nanomita 13.5. Kwa mwanga huo TSMC ya Taiwan ikatoa chipu za nanomita 3 zilizoingia kwenye iPhone 15 Pro mwaka 2023. Wachina wamenyimwa mashine hizo tangu 2019. Mwaka 2023 Huawei ikaja na chipu ya nanomita 7 iliyochorwa kwa mashine za kizamani, kazi ndefu na ghali. Sasa kampuni moja ikikwama, tumekwama wote, hata sisi wa simu za mtumba. Mnaonaje?