Siku ya Uchungu, Kunywa Kichungu

Kwenye kipindi cha wiki iliyopita niliropoka kwamba mtu mwenye uchungu asiguse kokteli tamu, mkanicheka. Haya, ngoja nijieleze.

Kwetu uchungu wa mwarobaini na uchungu wa moyo ni neno moja, na mimi wiki hii ninao wa pili. Miezi saba nimekaimu nafasi ya msimamizi kazini, mshahara ule ule. Nafasi ikatangazwa, akapewa kijana niliyemfundisha mwenyewe kuingia kwenye mfumo. Nikaombwa niandike ujumbe wa kumpongeza kwa niaba ya timu. Nimeandika.

Sasa jioni kama hiyo mkono unajiendea wenyewe kwenye sukari. Chukua Dawa, ile kokteli ya Nairobi iliyovuma pale Carnivore: vodka, ndimu, asali, na kijiti cha kukorogea. Naipenda sana, jamani, ila ni ya siku ya furaha. Asali inaificha vodka, na ukiwa na hasira unamaliza tatu hata hujakaa sawa kwenye kiti.

Kitu kichungu hukigugumii. Alhamisi ile nilitengeneza Negroni: jini, Campari na vamuthi nyekundu (ile divai iliyotiwa mitishamba), mililita 30 kila kimoja, barafu kubwa, ganda la chungwa. Wataliano wanasema ilianzia Florence mwaka 1919. Funda la kwanza linakukunja uso, la pili unalifikiria kwanza. Glasi moja ilinichukua saa nzima, na ndani ya saa hiyo nilikasirika vizuri, kwa mpangilio. Nimewahi kutia Konyagi badala ya jini. Inakubali, ila Mtaliano asisikie.

Kama uchungu wako ni wa kuchoka tu, London tuna ya kwetu, Hanky Panky. Aliyeibuni ni Ada Coleman, aliyeanza kuongoza American Bar ya hoteli ya Savoy mwaka 1903, enzi ambazo mwanamke Uingereza hakuwa hata na kura ya ubunge. Mteja wake, mwigizaji Charles Hawtrey, alikuwa akija hoi kwa kazi, akataka kitu chenye nguvu. Coleman akachanganya jini na vamuthi tamu sawa kwa sawa, akadondoshea Fernet-Branca, pombe ya Kiitaliano ya mitishamba inayonukia kama kabati la dawa la bibi. Matone mawili matatu yanatosha. Ukizidisha, umechemsha mwarobaini.

Na ukimkumbuka mtu, jini na toniki. Uchungu wa toniki ni kwinini, ile ile waliyomeza babu zetu kwa malaria.

Ila kuna jambo sikulisema hewani. Mjomba wangu naye alikuwa anakunywa “kupunguza mawazo.” Ndivyo walivyosema wakubwa, kwa sauti ya chini, na sisi watoto tukajua maana yake ni kwenda kulala mapema na kutotoka chumbani. Mawazo hayakupungua. Alipungua yeye. Mama mpaka leo akiona chupa kwangu haongei, anaigeuza tu lebo ielekee ukutani, na mimi simlaumu.

Kwa hiyo nina masharti yangu. Glasi moja. Nimeshakula. Si peke yangu, hata kama mwenzangu yuko kwenye simu. Negroni moja ni karibu uniti 2.4, na mwongozo wa serikali hapa ni zisizidi 14 kwa wiki. Nikisikia hamu ya ya pili wakati ya kwanza bado iko mkononi, najua sitafuti tena ladha, natafuta kusahau. Hapo namwaga, nampigia binamu yangu wa East Ham, naye hapokei simu kwa chini ya dakika arobaini.

Msiokunywa, na najua mko wengi, nyinyi mna bahati kutuzidi. Kahawa chungu ya pwani, ya kwenye buli, kikombe kidogo kisicho na mkono. Ndiyo inayonywewa barazani, ndiyo inayozungushwa msibani, maana nayo huwezi kuigugumia, lazima ukae na watu. Iliki tia ukipenda. Sukari iache kwenye kashata.