Deni la Muuzaji Lisimfuate Mnunuzi

Tangu Agosti 2021, kodi ya majengo nchini Tanzania hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Kiwango cha nyumba ya kawaida kilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, kikapandishwa hadi 1,500 mwaka 2023. Ukusanyaji umekuwa rahisi, lakini deni limefungwa kwenye mita badala ya kumfuata mtu. Nyumba iliyokaa tupu ikiuzwa, malimbikizo humsubiri mwenyeji mpya: ananunua umeme, uniti zinakuja kiduchu, na muuzaji ameshahama.

Si haki. Sheria ilipaswa kumlazimisha muuzaji alitaje deni kabla ya kupokea fedha.

Wanaotetea hali iliyopo hushika kanuni ya mnunuzi kujihadhari, iliyorithiwa kutoka sheria za Uingereza zilizopokewa Tanganyika kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Husema pia kwamba kiasi chenyewe ni kidogo. Kwa kodi ya majengo, sawa. Kwa michango ya lifti, ulinzi na usafi katika majengo yanayomilikiwa kwa sehemu chini ya sheria ya 2008, sivyo.

Linaloamua ni nani anaweza kujua. Ufa ukutani mnunuzi anauona, paa linalovuja anaweza kumwita fundi akalipanda, mpaka wa kiwanja wataonyesha majirani. Deni halionekani. Limo kwenye daftari la watu wengine, na anayelijua bila kumuuliza yeyote ni mdaiwa mwenyewe. Kumtaka mnunuzi ajihadhari na asichoweza kukiona ni kumtaka apige ramli. Muuzaji anayejua akanyamaza amelipisha deni lake kwa mtu mwingine, na bei ya nyumba amechukua nzima.

Kumlazimisha muuzaji kulitaja deni hakuhitaji ofisi mpya. Katika vijiji kama Engaresero, kando ya Ziwa Natron wilayani Ngorongoro, ardhi husimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na asiye mkazi hawezi kuuziwa haki ya kimila bila idhini yake. Hapohapo ndipo pa kudai karatasi ya jumuiya ya watumia maji inayoonyesha kama dira ya maji ya nyumba inayouzwa inadaiwa. Mtendaji anayegonga muhuri bila kuuliza amemsaidia muuzaji kuficha.

Mjini kisingizio ni kidogo zaidi. Ofisi za ardhi hudai kodi ya pango ilipwe kabla ya kuhamisha hati, kwa kuwa fedha hiyo ni ya serikali. Mnunuzi ananyimwa ulinzi huohuo kwa sababu gani? Madeni yote ya nyumba yaandikwe kwenye mkataba wa mauziano, na lililofichwa likiibuka, adaiwe aliyeuza.