Kamba si dawa: mgonjwa wa akili naye ana haki zake

Mwaka jana, katika kartye moja ya Bukavu, nilikuta kijana amefungwa kamba miguuni nyuma ya nyumba ya wazazi wake. Nilimsalimia. Akanijibu vizuri, akanitajia jina lake na masomo ambayo alisoma. Mjomba wake akanikata maneno: « Usimusikilize, ni fu huyo. »

Shida yote imo ndani ya neno hilo. Mtu akiisha kuitwa fu, hakuna tena anayemuuliza kitu: anaumia wapi, dawa inamfanya nini, anataka kutunzwa wapi.

Hii si habari ya jamaa moja tu. Shirika la afya ulimwenguni, OMS, linakadiria kwamba katika maeneo ya vita, mtu 1 kwa 5 ana shida fulani ya akili, kuanzia huzuni nzito mpaka magonjwa makali. Sisi wa mashariki tunajua vita, tunajua kukimbia na kulala kambini. Basi karibu kila jamaa inahusika, hata kama inaficha.

Sheria inasema nini?

Katiba ya 18 Februari 2006 haikumtenga mgonjwa wa akili. Kifungu cha 16 kinakataza kumtendea mtu yeyote kwa ukatili au kwa namna ya kumshusha utu. Cha 17 kinalinda uhuru wa kila mtu. Cha 31 kinalinda maisha yake ya siri, na cha 47 kinahakikisha haki ya afya.

Tena, mwaka 2015 Kongo ilijiunga na mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu. Mapatano hayo yanahesabu pia ulemavu unaotokana na ugonjwa wa akili wa muda mrefu. Yanasema ulemavu peke yake hauwezi kuwa sababu ya kumnyima mtu uhuru, na kwamba munganga anapaswa kumweleza mgonjwa na kupata kubali lake. Tarehe 3 Mei 2022, leta ikatoa pia sheria yake yenyewe juu ya watu wenye ulemavu.

Kwa hiyo karatasi zipo. Kwa nini basi kamba ingali nyuma ya nyumba?

Sababu ya kwanza ni umbali na feza. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Lakini mtu wa Shabunda ao wa Walikale atafikaje? Barabara ni mbaya, njia haina usalama, na jamaa ndiyo inalipa safari, kitanda na dawa. Mara nyingi jamaa inafunga mtu si kwa chuki. Inafunga kwa kuchoka na kwa kuogopa asipotee ao asipigwe na watu njiani.

Sababu ya pili ni mahali tunapoanzia. Wengi wanapita kwanza kwenye shambre ya maombi ao kwa mganga wa kienyeji. Kuomba si kosa. Kosa ni kumfungia mtu humo, kumnyima chakula kwa jina la mfungo ambao hakuuchagua, ao kumpiga ili pepo litoke.

Sababu ya tatu ni deni. Mtu anapona, lakini anazuiliwa hospitalini mpaka jamaa ilete feza. Deni ni la kuzungumuzwa na jamaa. Mwili wa mtu si rehani.

Na akiwa hatari?

Wauguzi wananiuliza: mtu akishika panga, tumwombe ruhusa? Swali ni la haki. Kuzuia hatari ya saa ile ni kitu kimoja. Lakini hata hapo inaomba kufanya kwa muda mfupi, mbele ya mtu aliyefundishwa, bila kumwumiza, na kumweleza akitulia. Kamba ya miezi sita si matunzo, ni kifungo bila tribinali.

Njia iliyo karibu zaidi ni kupeleka matunzo pale watu wanapoishi. OMS ina mwongozo wa kufundisha wauguzi wa vituo vya kawaida watambue magonjwa haya na kuyatunza. Muuguzi aliyefundishwa, na dawa isiyokatika katika zoni ya afya, vinaweza kufungua kamba nyingi kuliko hotuba zetu. Hapo ndipo tunapaswa kuwauliza viongozi: katika bajeti ya afya, sehemu ya akili ni ngapi?

Ukimpeleka ndugu yako, una haki ya kuuliza, na yeye pia: ugonjwa huu unaitwaje? Dawa hii ni ya nini, na inaleta taabu gani mwilini? Atakaa muda gani, na nani ataamua atoke? Tutamtembelea siku gani? Bei ni ngapi tangu mwanzo? Nani atasoma karatasi zake? Muulize mgonjwa mwenyewe mbele ya munganga, hata kama anajibu polepole.

Yule kijana wa Bukavu, kabla sijatoka, aliniomba kitu kimoja: maji ya kunywa. Mjomba alimletea. Alikuwa hajamuuliza tu.