MASAA 14 YA NANI?

Nachukua kalamu kupinga neno linalosemwa kila mara humu chamani na hata darasani: ati dunia siku hizi ni ndogo, mtu anatoka New York mpaka Nairobi kwa masaa 14 tu! Mimi nasema hayo masaa 14 ni ya ndege. Si ya msafiri.

Sikatai kwamba ndege inakwenda. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilipoanza kuruka moja kwa moja baina ya miji hiyo, abiria hana lazima ya kushukia Ulaya au Uarabuni kungoja ndege nyingine. Safari ni kilomita 11,800 hivi. Kwenda huko ni masaa 15, kurudi 14, kwa sababu upepo wa juu sana angani huvuma kutoka magharibi, basi ndege ya kurudi husukumwa mgongoni. Juzi niliunyosha uzi juu ya tufe la mwalimu wa Jiografia, nikaona katikati ya safari ni Moroko. Kwa rula, kwenye ramani ya ukutani, katikati huangukia baharini. Ikiwa hata mstari hutudanganya, sembuse saa?

Sasa sikilizeni. Aprili mwaka jana, Jumatatu usiku, nyanya yangu alifariki hapa Lodwar. Mjomba, kifungua mimba wake, anafanya kazi New York. Alisema kwa simu, "Nikishapanda ndege ni masaa 14." Wazee wakahesabu kwa vidole: Jumatano jioni atakuwa hapa, tutazika Alhamisi.

Hakuna aliyeuliza tiketi itapatikana lini. Ilipatikana ya Jumatano. Alitoka nyumbani kwake saa mbili asubuhi, kwani uwanjani hutakiwa kufika mapema, na ndege ikaruka saa sita mchana. Wakati huo huku kwetu ilikuwa tayari saa moja jioni! Akatua Nairobi Alhamisi, saa tatu asubuhi. Ndege ndogo za Lodwar zilikuwa zimejaa, ikambidi angoje basi la jioni. Ni kilomita 700 hivi, kupitia Kitale. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, na laga moja ikajaa maji mpaka barabara ikapotea. Basi likasimama tangu alfajiri hadi mchana, abiria wakitazama maji tu.

Wazee walisogeza mazishi mpaka Ijumaa saa sita. Zaidi ya hapo wakasema haiwezekani, gharama ya mochari nayo ilikuwa inapanda.

Mjomba alifika saa kumi na mbili jioni. Hakusema kitu. Alipiga magoti pale kwenye udongo mbichi akiwa bado na begi mgongoni, na mamangu akamshika bega.

Najua wengine mtasema kosa ni la barabara, si la ndege. Sawa. Lakini anayesafiri ni mtu mmoja, hawezi kuacha nusu yake Nairobi. Tungeambiwa ukweli tangu Jumatatu, wazee wangetaja Jumamosi na hakuna ambaye angelaumiwa. Kwa hivyo mtu akikutajia masaa ya safari, muulize: kutoka mlango upi mpaka mlango upi? Safari ya mjomba nimeihesabu mwenyewe, mlango kwa mlango. Ni masaa 51.