Mfuko wa Kapsuli Hauzuii Usaha

Keti na jamaa wanaouguza mtu aliyepasuliwa tumbo, iwe Tororo au Busia, na hutakaa sana kabla ya kusikia kwamba asipomeza antibayotiki wiki nzima, kidonda kitatunga usaha. Mama aliyejifungua kwa upasuaji akiruhusiwa bila dawa hizo, nyumba nzima hunung'unika kwamba amepuuzwa. Kisha wanaingia duka la dawa, upande huu wa mpaka au ule, kujinunulia kapsuli. Wapo hata wanaozifungua na kunyunyiza unga wake juu ya mshono!

Imani hii ni potofu, na hospitali zenyewe zimeilea. Vijidudu huingia wakati tumbo liko wazi, kwa hiyo dawa ya kinga lazima iwe imeshafika kwenye damu kisu kinapogusa ngozi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unataka itolewe ndani ya dakika 120 kabla ya kukata, na unapinga kuiendeleza upasuaji ukishakwisha.

Anayedhani hayo ni mambo ya Ulaya aende Thika. Hospitali ya huko ilizoea kuwapa karibu wagonjwa wote dawa baada ya upasuaji, ikageuza: dozi moja, kabla ya kisu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013. Maambukizi ya juu ya kidonda yalipungua, gharama nazo zikashuka. Baadaye hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilirekebisha muda wa dawa pamoja na uogaji, unyoaji na usafi wa ngozi na mikono. Maambukizi yakatoka asilimia 8 hadi 3.8.

Nazungumzia kinga, si tiba. Utumbo uliotoboka au kidole tumbo kilichopasuka ni ugonjwa wa kutibiwa kwa siku kadhaa, na dawa alizoandika daktari zimalizwe.

Wembe nao una watetezi, eti tumbo lililonyolewa ni safi. Kila mkwaruzo wake ni njia ya vijidudu. Nywele zikizuia kazi, zipunguzwe kwa mashine.

Upasuaji ukiwa wa kupangwa, pesa ya kapsuli inunue sabuni, mgonjwa aoge kabla. Na ile hasira anayomwagiwa muuguzi siku ya kuruhusiwa, ipelekeni mapema kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, mkaulize: sindano ya kinga ameshachomwa? Saa ngapi?