Matunzo ya Mtoto ni Deni la Baba

Matunzo ya mtoto ni chakula, mavazi, malazi, matibabu na elimu, na wa kwanza kudaiwa hayo ni baba aliyemzaa. Hili halihitaji mjadala kwa watu wenye dini. Qurani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 233, imemtwika baba chakula na mavazi ya mama anayemnyonyesha mwanawe, na Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, mlango wa 5, unamweka asiyewatunza watu wa nyumbani mwake chini ya asiyeamini. Wahenga nao walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Lakini mitaa ya Tanzania imejaa wanaume waliochagua ile isiyo kazi, wakamwachia mama iliyo kazi.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 129, inamlazimu mwanaume kuwatunza watoto wake hata wanapoishi kwa mama yao au kwa mtu mwingine. Talaka huvunja ndoa, haivunji ubaba. Aliyeonewa zaidi ni mtoto wa nje ya ndoa: kwa miaka mingi sheria ya zamani ilimwekea ukomo wa shilingi 100 kwa mwezi, na kiwango hicho kilikaa vitabuni hadi fedha hiyo ikawa hainunui hata mkate mmoja. Aibu hiyo iliondolewa na Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009. Sasa mahakama huangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, pamoja na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi.

Tabu iko kwenye njia ya kuifikia haki hiyo. Mama hufika kwa ofisa ustawi wa jamii na mtoto mgongoni, akaandikiwa barua ya wito, na mara nyingi barua hiyo hukabidhiwa yeye mwenyewe aipeleke kwa yule yule aliyemkimbia. Siku ya wito mwanaume "amesafiri". Inaandikwa ya pili, na nauli ya daladala inakopwa tena kwa jirani. Hatimaye bwana anakuja, anatia saini kwamba atatoa kila mwezi, anatoa mwezi mmoja, kisha anabadilisha namba ya simu. Hapo ndipo mama huambiwa aende mahakamani, naye ameshachoka.

Lawama nyingine ni ya wazee wa ukoo. Penye wazee haliharibiki neno, na heshima yao ni kubwa. Ndiyo maana inauma kuwasikia wakimwambia binti yamalizwe nyumbani, asimwaibishe kijana wa watu. Yakimalizwa nyumbani, anayemalizika ni mtoto. Wapo akina baba wa kupigiwa mfano, waendesha bodaboda na wavuvi wasio na mshahara, ambao kila jioni hutuma chochote kwa simu kabla hawajala wao. Hao ndio wanaume, na wazee wawatumie kuwasuta wengine.

Na hapa haiwezekani kuzipita kamati za harusi. Mtu anayedai hana ya uji wa mwanawe huahidi laki kwa laki kwenye kadi ya mchango, akapigiwa makofi kikaoni. Ukoo huohuo unaokodi ukumbi, muziki na mapambo humwacha binti yao aende kujifungua akihangaikia glovu, wembe, pamba na mpira wa kutandika, ingawa sera ya afya inasema huduma ya mjamzito ni bure. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini hawa wanamjua. Ni damu yao.

Kimbilio la mwisho la mkwepaji ni kukana. Husema mtoto hafanani naye, au mama alikuwa na wengine, na maneno hayo humvunja mwanamke moyo mbele za watu. Nalo lina jibu. Mahakama inaweza kuamuru kipimo cha vinasaba, ambacho husimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009. Ubaba ukishathibitika, amri ya matunzo hutolewa.